Waya Mweupe

Siku ya kumi na moja baada ya Opereta kukutwa amekufa chini ya meza yake, Inspekta aliingia kwa Makumbusho akiwa na karatasi moja tu mkononi.

Makumbusho lilikuwa jina la fundi, si la duka. Mafundi wenzake wa mtaa ule walimpachika kwa sababu hakuwahi kutupa kitu. Wao walishughulika na simu na laptop za kisasa. Yeye alikaa na kompyuta za miaka ishirini na thelathini iliyopita, zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini, kila moja na kibandiko cha tarehe. Mwenyewe alikuwa mwembamba, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi, na humo dukani alipita kiubavubavu.

"Fundi, unaufahamu mwandiko huu?"

Makumbusho aliisogeza karatasi kwenye taa. Kisha akavua miwani na kuifuta kwa shati.

"Wa marehemu. Aliiandika akiwa amekaa hapo hapo ulipokaa, Inspekta."

"Nisomee kama unavyomsomea mtu asiyejua lolote la kompyuta. Hutakosea."

"Alikuwa anaunda kompyuta ya kuendesha mfumo wa zamani sana. Waliotengeneza mfumo huo walishauacha, hakuna anayeutunza tena."

"Kwa nini asinunue mpya?"

"Mpya haiwezi. Kila kipande lazima kiwe cha rika lake." Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Huu ubao mama, unaobeba vipande vingine vyote, ameufuta. Kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba. Wa pili ameufuta pia. Ulikuwa mzima lakini hauna tundu refu jeusi, na kadi aliyokuwa nayo haiingii kwingine. Wa tatu ndio huu aliouzungushia duara."

"Na hapa kwenye prosesa ameandika 'polepole'."

"Kuna programu alitaka kuifungua. Ikiwashwa tu, inapima kasi ya prosesa. Ikikuta kasi kubwa kuliko walioitunga walivyowahi kuota, inachanganyikiwa na kuzima. Nikamtafutia iliyo goigoi kuliko zote." Makumbusho alisita, akakaribia kutabasamu. "Memori ndiyo ilimchekesha. Mfumo ule ukiupa memori nyingi mno, unakuandikia kwamba memori haitoshi. Akacheka mpaka akakohoa. Sikuwahi kumwona akicheka siku nyingine."

Inspekta alihesabu alama za tiki. Ubao, prosesa, memori, diski, kadi. Mstari wa mwisho haukuwa na tiki, ulikuwa na mistari miwili chini yake: *Pawasaplai, waya mweupe?*

"Na hii?"

"Hilo ni boksi la kuingizia umeme. Lilitutesa wiki tatu. Pawasaplai za siku hizi zina plagi ileile, lakini tundu moja ni tupu. Zamani hapo palikuwa na waya mweupe, wa umeme hasi wa volti tano. Leo hakuna anayeuhitaji isipokuwa kadi za kale kama yake. Ukikosa waya huo, kompyuta inawaka, mfumo unafunguka, programu inafunguka, lakini kadi inakuwa bubu. Haitoi hata mkwaruzo."

"Kwa hiyo siku aliyouawa kompyuta yake ilikuwa inawaka?"

"Inawaka vizuri. Haisemi." Makumbusho alivuta mtoto wa meza, akatoa boksi la chuma la kijivu lenye rundo la nyaya. Mmoja ulikuwa mweupe. "Niliichomoa kwenye mashine iliyotupwa na hospitali. Nilimpigia simu asubuhi ileile, saa nne. Iliita mpaka ikakata."

Daktari alikuwa amekadiria kifo kuwa kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Inspekta aliandika, akafunga daftari.

"Usiiuze hiyo, Fundi."

"Nimuuzie nani?"

Nje, Koplo wake alikuwa amesimama kivulini akimsubiri. Tangu siku ya kwanza Koplo alisema ni wizi: jamaa kagongwa kichwa, kompyuta imebebwa, mwisho wa habari. Lakini mwizi huyo aliacha redio mpya na saa ya ukutani, akabeba boksi la vyuma ambalo hata mnunua chakavu angelitazama mara mbili.

"Basi ni binti yake," Koplo alisema. "Jirani alimsikia mwanamke akimfokea Jumapili. 'Ulilala, baba! Ulilala!' Mzee akauawa Jumanne."

Jambo hilo la kulala mji mzima ulilijua. Miaka kumi na minane iliyopita kiwanda cha magodoro kiliungua mchana kweupe, wanawake tisa wakafia ghorofa ya pili. Zimamoto walichelewa. Tume ikasema simu iliita kwa dakika kumi na moja bila kupokelewa, kwa sababu mpokeaji simu wa kituo alikuwa amelala kazini. Akafukuzwa. Mmoja wa wale tisa alikuwa mke wake. Jina la Opereta lilibaki kwake kama tusi. Watoto waliozaliwa baada ya moto walimwita hivyo bila kujua maana yake. Aliishi kwa kufagia ua wa shule, na kila aliyemuuliza alimjibu neno lilelile: "Nilipokea."

Binti yake alikuwa mshonaji. Walimkuta kwenye cherehani, mguu wake ukiendelea kukanyaga hata baada ya kuwaona.

"Mmekuja kunikamata au kunirudishia maiti?"

"Kukuuliza, binti yangu," Inspekta alisema, akajivutia kigoda. "Jumapili mligombana nini?"

"Alinitumia bahasha. Nikaenda kumwambia asinitumie kitu. Akasema, 'Nipe siku chache tu, nitakusikilizisha.' Nikamwambia sina cha kusikiliza, alilala mama akiungua, basi. Nilikuwa na miaka saba. Shuleni nilikaa dawati la peke yangu."

"Bahasha iko wapi?"

Aliinuka, akarudi nayo. Haikuwa imefunguliwa. Inspekta aliichana ukingoni. Ndani mlikuwa na diski ya kompyuta iliyofungwa kwa plastiki ya mapovu, na kipande cha karatasi: *Hii ni nakala. Ile yenyewe ninayo. Usiitupe, hata kama utaendelea kunikasirikia.*

Binti alisoma, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni. Mguu ulirudi kwenye cherehani, lakini kitambaa hakikusogea.

Kulikuwa na kitu kimoja katika orodha ambacho hakingeweza kununuliwa popote, hata kwa Makumbusho: ile kadi. Ilitengenezwa kwa kazi moja tu, kurekodi laini za simu za vituo vya dharura. Kwa hiyo Inspekta alikwenda mahali pekee ambapo kadi kama ile iliwahi kuwepo.

Mzee wa stoo wa kituo cha zimamoto alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu. Hakujaribu kuficha.

"Mimi ndiye niliyempa, afande. Nilikuwa nasafisha stoo nikakuta mashine ya kurekodi nyuma ya mipira iliyooza. Diski imo, kadi mbili zimo. Tume iliambiwa mashine ile ilikufa na kutupwa. Nikasema, huyu bwana amelilia kitu hiki miaka yote, acha nimpe. Nilimpa diski na kadi moja. Ya pili hii hapa."

"Ulimwambia nani mwingine?"

Mzee alikuna kidevu. "Kamanda wetu wa zamani huwa anapita kunisalimia. Nilimwambia, nikidhani atafurahi. Yule alikuwa kijana wake wa kazi."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama ameshaisikiliza. Nikamwambia bado anaunda kompyuta ya kuisikilizia. Hakumaliza hata chai."

"Siku gani hiyo?"

"Jumatatu."

Kamanda mstaafu aliishi katika nyumba ya ghorofa moja yenye bustani iliyokatwa vizuri. Aliwakaribisha barazani, shati limepigwa pasi, mkongojo umeegemezwa kwenye kiti. Inspekta alimwambia Opereta ameuawa na nyumba yake imeibiwa.

"Nimesikia. Mungu amrehemu. Sikumwona tangu alipoacha kazi, miaka kumi na minane."

"Mashine ya kurekodi simu, Kamanda. Siku ya moto ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa imekufa wiki nzima kabla. Nilisema hivyo mbele ya tume, nikaapa."

"Na gari la zimamoto lilikuwa wapi?"

"Kituoni. Liko tayari, dereva yuko tayari, simu haipokelewi. Ningefanya nini?" Aligeuka kumtazama Koplo. "Wewe kijana, ungefanya nini?"

Koplo aliweka kikombe chini. Inspekta alishukuru kwa chai, wakaondoka.

"Umeona?" alisema walipofika kwenye gari. "Tumemwambia kuna mtu ameuawa na nyumba imeibiwa. Hakuuliza kilichoibwa ni nini."

"Huo si ushahidi, afande."

"Si ushahidi. Lakini fikiri. Kompyuta ya Opereta ilikuwa bubu. Hakuna aliyeisikia, hata yeye mwenyewe. Sasa nani anaua kwa ajili ya maneno ambayo bado hayajasikika?"

Koplo alishika usukani bila kuwasha gari. "Aliyeyasema," alijibu.

Asubuhi iliyofuata Makumbusho alifunga mlango wa duka kwa ndani. Alifuata karatasi ya marehemu mstari kwa mstari. Ubao wa tatu, ndugu pacha wa ule ulioibwa. Betri ndogo ya saa alibadilisha kwanza, maana ya zamani ilikuwa imeanza kuvuja. Prosesa goigoi, tone la mafuta meupe juu yake, feni. Kipande kimoja cha memori. Cha pili alikishika, akakirudisha. Diski ya binti. Kadi aliyotoa mzee wa stoo aliipuliza vumbi, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akaikandamiza kwenye tundu refu jeusi mpaka ikaitikia. Mwisho, pawasaplai.

Binti alikuwa amekaa kwenye boksi karibu na mlango. Inspekta alimwambia hakulazimika kuwepo. Alisema diski ni yake.

Kompyuta iliwaka kwa mlio mmoja mfupi. Walisubiri. Diski iliguna, skrini ikajaa maandishi meupe, ikazima, ikarudi ya bluu. Makumbusho alifungua programu, na orodha ya tarehe ikajipanga. Inspekta aliinama.

"Hii hapa. Siku ya moto. Saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Mashine iliyokufa wiki nzima." Alimwangalia binti. "Nifungue?"

Binti alitikisa kichwa kukubali.

Simu iliita mara mbili.

"Zimamoto, nakusikiliza." Ilikuwa sauti ya kijana, imetulia. Binti alishika ukingo wa boksi.

"Kiwanda cha magodoro!" Mwanamke alikuwa akipiga kelele. "Ghorofa ya pili! Mlango umefungwa kwa nje!"

"Nimekuelewa. Mko wangapi?"

"Tisa!"

"Laleni chini. Lowesheni vitambaa, mzibe pua. Usikate simu."

Ukasikika mbofyo, kisha laini ya pili, mlio wa kupiga. Aliyepokea alikuwa mahali penye makelele ya watu na maji.

"Afande, kuna moto kiwanda cha magodoro, watu wamefungiwa ndani. Gari halipo hapa. Liko wapi?"

"Liko huku kwangu, linamwagilia zege la nyumba yangu. Tumeshalimimina, haliwezi kuachwa likauke." Enzi hizo hakuwa na mkongojo, lakini sauti ilikuwa ileile ya barazani. "Likimaliza tangi litakuja."

"Afande, kuna watu ndani."

"Waambie tunakuja. Na hii usiiandike kitabuni."

Makumbusho alisema neno moja chini kwa chini. Inspekta aliinua mkono: nyamaza.

Kwenye laini ya kwanza kijana alirudi. "Tunakuja," alisema. Aliuliza kuhusu dirisha. Lilikuwa na nondo. Aliuliza kuhusu maji. Yapo ya ndoo moja. Aliwapangia wayagawe. Yule mwanamke alikohoa, akasema, "Subiri, kuna mwenzetu anasema anaijua sauti yako."

Simu ilibadilisha mikono.

"Ni wewe?"

Sekunde nne zilipita kwenye skrini.

"Ni mimi, mke wangu."

"Haya, nisikilize. Mtoto ana kikohozi. Dawa iko juu ya kabati. Usimpe kabla hajala, itamuumiza tumbo."

"Nitampa akishakula."

"Sare yake iko kwa fundi."

"Nitaifuata."

"Mnakuja?"

"Tunakuja."

Baada ya hapo hakukuwa na maneno mengi. Kulikuwa na kukohoa, na vitu vikianguka, na kijana akirudia bila kupandisha sauti, "Niko hapa. Sijaondoka. Niko hapa." Aliendelea kusema hivyo hata pale upande wa pili ulipokuwa kimya kabisa. Laini ilikatika yenyewe. Saa kwenye skrini ilionyesha dakika kumi na moja.

Makumbusho alikuwa amegeukia ukutani. Binti hakulia. Alikuwa anaitazama kompyuta.

"Jioni ile alinilazimisha kula," alisema. "Nyumba imejaa watu wanaolia, yeye ameshika sahani na kijiko, ananiambia kula kwanza. Nilitema. Akanifuta, akanilisha tena. Halafu akanipa dawa. Mimi nimemchukia kwa ajili ya sahani ile zaidi ya kitu chochote. Nilisema, mtu gani huyu, mkewe amekufa na yeye anawaza chakula?"

Inspekta alichomoa kitambaa chake cha mkononi, akakiweka juu ya goti la binti, akatoka kumpigia Koplo simu.

Walikwenda kwa Kamanda kabla ya adhuhuri na hati ya upekuzi. Boksi la kompyuta lilikuwa kwenye chumba cha zana, limefunikwa blanketi. Hakuwa hata amelifungua. Alipoliona limebebwa kutoka, alikaa kwenye ngazi zake mwenyewe.

"Nilikwenda kumwomba anipe diski," alisema. "Mimi ni mtu mzima, yeye mtu mzima, nikadhani tutaelewana. Nikakuta inawaka, programu iko wazi. Akaniambia, 'Keti, Afande.' Nikajua ameshasikia. Nilimsukuma tu. Ile meza ndiyo..."

"Hakuwa amesikia," Inspekta alisema. "Ilikuwa na upungufu wa waya mmoja. Haikuwahi kutoa sauti. Amekufa hajaisikia."

Koplo alimshika Kamanda kiwiko kumsaidia kuinuka, akamfunga pingu bila kumwangalia usoni.

Saa kumi alasiri Inspekta alisaini kibali cha kuitoa maiti na kumpelekea binti kwa mkono wake. Alimkuta amefunga cherehani na kuvaa kanga nyeusi.

"Utamzika kesho?"

"Kesho. Kando ya mama. Lakini kuna nyumba nane za waliokufa na mama, natakiwa kufika kwanza, leo hii. Msiba wa mama hawakumruhusu akanyage kaburini. Sitaki kesho mtu aje kumtupia neno."

"Redio itatangaza jioni. Si lazima uwaendee."

"Najua itatangaza."

Inspekta aliangalia saa, akamwambia Koplo atangulie ofisini. Wakaenda wawili kwa miguu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama wa yule aliyepiga simu. Mlango wa bati, ndoo mbili kizingitini. Bibi kizee aliyefungua alimtambua binti mara moja, na uso wake ukafunga. Aliushika mlango kwa mikono yote miwili.

"Wewe si mtoto wa yule?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

Bibi hakuitikia.

"Baba yangu alipokea simu, bibi. Iliita mara mbili akapokea. Aliyepiga ni mwanao. Nimeisikia sauti yake leo asubuhi."

Bibi kizee alimtazama, kisha akamtazama Inspekta, sare yake na kofia yake mkononi. Inspekta aliinamisha kichwa: ni kweli. Pumzi ilimtoka bibi taratibu. Mikono yake ikauachia mlango, mmoja baada ya mwingine, na mmoja ukamshika binti kwenye kifundo cha mkono.

"Ingia," alisema. "Ingia ukae, mjukuu wangu. Alisema nini?"